Milisekunde Ishirini

Brno, Januari, saa tano usiku.
Radieta inagonga kama mtu aliyesahau ufunguo.
Mezani bodi arobaini na moja,
kila moja na stika, kila stika na jina:
Bohdana Švecová, Ctibor Malý, Kvido Hrubeš,
na mmoja aliyechora paka mahali pa jina.

Kazi yenyewe ndogo.
Kitufe kibonyezwe, taa iwake.
Kibonyezwe tena, izimike.
Mtoto wa chekechea angeielewa,
na wanafunzi wa mwaka wa pili wameikeshea wiki tatu.

Siku hizi sisahihishi kwa macho.
Kuna waya niliouunga mwenyewe kiangazi kile,
unaruka kitufe, unaingia moja kwa moja kwenye pini,
unapiga mapigo mia, safi, yaliyonyooka,
kompyuta inahesabu, alama zinajipanga kwenye jedwali,
nami nakunywa chai iliyopoa.

Kumi. Kumi. Tisa. Kumi.
Bohdana, kumi.
Paka, kumi.
Kvido Hrubeš: sifuri.

Namjua Kvido. Hukaa karibu na dirisha
na unga kwenye nyusi,
maana saa tisa usiku huwa bekari akikanda mikate
na saa mbili asubuhi yuko kwangu akikanda macho.
Novemba aliunguza chipu mbili,
akalipa bila kunung'unika, kwa sarafu.
Nikasema: niandike sifuri, nikalale.
Tramu ya mwisho imebakiza dakika kumi na nne.

Kisha, sijui kwa nini, nikaufungua msimbo wake.
Mistari thelathini na miwili,
na juu ya kitanzi, dokezo moja tu:
*Kitufe kina kigugumizi.
Ngoja ishirini, halafu muulize tena.*

*Muulize.* Kana kwamba kitufe ni mtu.

Na ni kweli. Chuma kikigusa chuma hudunda:
ndiyo, hapana, ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo,
kabla hakijatulia kwenye neno lake.
Nimelifundisha hilo mwenyewe, slaidi ya kumi na tisa,
darasa zima likipiga miayo
na mmoja, kumbe, akisikiliza.

Subira yake ilikuwa na kipimo: milisekunde ishirini.
Pigo la waya wangu huisha kwa kumi na mbili.
Kvido alipouliza tena, hapakuwa na mtu mlangoni.

Nikaung'oa waya.
Nikachukua bodi ya Bohdana, ya alama kumi,
nikabonyeza kwa dole gumba, hili lenye nyama.
Taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima,
kwa mbonyezo mmoja.
Ya paka: vivyo hivyo.
Ya Ctibor ilitii mara mbili, ya tatu ikaasi.
Ya Kvido nikaibonyeza: ikawaka.
Nikaibonyeza: ikazima.
Nikaibonyeza polepole, kwa hasira, kwa ukucha, kwa kiwiko.
Ikanitii kila mara, bila haraka, bila kelele.

Tramu imepita. Niliisikia ikikata kona.

Bodi arobaini na moja kwa dole moja.
Saa nane nilikuwa na lengelenge
na jedwali jipya ambalo kesho litaniletea
wanafunzi thelathini mlangoni, wamefura,
na Daktari Vojmír akiniuliza kwa upole wake unaochoma
kama nimelala vizuri.
Hayo nitayajibu.

Lakini waya ule ni wa kiangazi cha mwaka juzi.

Nikafungua jedwali la mwaka jana, lililotiwa saini, lililofungwa.
Sifuri mbili.
Mmoja alirudia somo, akafaulu;
bila shaka alijifunza kutongoja.
Wa pili, Drahoslava Pešková,
hayumo tena kwenye orodha ya chuo.
Uso wake umenitoka.
Naikumbuka bodi yake: aliweka taa ya buluu
badala ya nyekundu, nami nikamkata nusu alama.

Nusu ya nini?

Radieta imenyamaza.
Waya umelala mezani, mwembamba, msafi,
bila hata chembe ya kigugumizi.