Safu ya Makosa

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo:
mipira isiyo na pumzi, mafagio, ramani iliyochanika Turkana.
Feni ipo, umeme haupo.
Dirisha nimeliacha wazi upande wa Kibokoni,
huko nje mtu anakaanga viazi vya karai,
na Mselem wa gredi ya tatu
akanusa kwanza, ndipo akaketi.

Nimekuja na saa ya kupima dakika moja,
kadi za herufi, na fomu ya safu mbili:
Sawa. Makosa.

Akasoma, kidole kikisukuma neno kama mkokoteni mlimani:
"Ki-twa."
Imeandikwa kichwa.
Penseli yangu ikaruka yenyewe, ikatia mkwaju.
"Mato." Mkwaju.
"Ti-ni." Mkwaju.
Mikwaju mitatu, na hata jasho halijafika shingoni.

Mimi ni wa Wundanyi. Kiswahili nilikipata kitabuni,
kimepigwa pasi kama sare ya Jumatatu.
Huyu alikinyonya.
Kwao mtu huumwa na kitwa, hufumba mato, huketi tini,
na hajafa mtu kwa kukosa ch.
Nikatoa ufutio. Nikafuta yote mitatu.
Karatasi ikabaki na kovu la kijivu.

Kisha maneno ya uongo, yaliyotungwa makusudi
ili sikio lisiegemee kumbukumbu:
zaku, mulo, nebofi.
"Hili si neno, mwalimu."
Najua. Lisome tu.
"Mulo ndiyo nini?"
Si kitu.
Akanitazama kama muuza duka aliyepewa noti bandia.
"Labda ni la Kidigo," akasema, kwa kunihurumia.

Ningependa shairi liishie hapo,
mtoto mwerevu, fomu jinga.
Lakini dawa aliisoma bawa.
Dada akawa baba.
Nikamwuliza: kuku, ukiondoa ku ya kwanza, kunabaki nini?
Akafikiri sana.
"Mayai."

Nikampa kitabu cha darasa. Akakisoma chote, hakukwama,
sauti imenyooka, vituo mahali pake.
Nikaufunika ukurasa kwa kiganja changu.
Akaendelea kusoma.

Miaka mitatu
amekuwa akijificha mbele ya macho yetu.

Niliandika: si mvivu. Nikapigia mstari.
Niliandika: lafudhi yake msiiguse.
Niliandika: Jumanne na Alhamisi, nusu saa, hapa hapa stoo,
tutaanza na b aliyetanguliza tumbo
na d aliyebeba mzigo mgongoni.
Pale penye "jumla ya alama" nilikaa kitambo
nikisikiliza mafuta yakichemka nje.

"Nimekuwa wa ngapi?" akauliza, viatu tayari vinaelekea mlangoni.
Wa kwanza, nikamwambia.
Akageuka, akaitazama mipira, mafagio, kiti kimoja kitupu.
"Wa kwanza kati ya wangapi?"