Kimelia?

Hili ni jani la springi ya Fuso, Zawena.
Limebeba vitunguu vya Mang'ola miaka kumi
likakatikia Kimara, gari likipanda,
nikalinunua kwa bei ya chai na vitumbua viwili.
Usiliite chakavu. Chuma hakizeeki, huchoka,
na kilichochoka hulazwa motoni kikaamka.

Vukuta. Polepole, mkaa si adui yako.
Rangi unayoitafuta si nyekundu ya kanga mpya,
ni ya papai la juzi, kule ndani, karibu na mbegu.
Ukiwa na shaka iulize sumaku,
ile pale, niliing'oa kwenye spika ya redio mbovu:
ikikikataa chuma, chuma kiko tayari.

Sasa piga. Nyundo ianguke kwa uzito wake,
mkono uisindikize tu.
Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi;
hawakufika Gerezani.
Huku tunakunja kilichokwisha kukauka,
tena kwa kipande cha spoki ya baiskeli.

Ulikuja hapa na beseni la machungwa kichwani,
kisu chako cha kumenyea kimelegea mpini,
ukasema, fundi, nikazie. Nikakaza. Ukarudi.
Mara ya nne nikakuuliza
ni kisu kinacholegea
au ni wewe unayekilegeza.

Miezi saba. Visu kumi na kimoja vya mkono wako
vimo kwenye kopo la maziwa ya unga:
kimoja kinayumba,
kimoja kinauma ubavu wa nyumba yake,
kimoja kilikutafuna kidole, na damu
ukaifuta kwenye gauni ukidhani sijaona.

Kisu cha kukunja si kisu chenye bawaba.
Ni watatu wanaogombana kwa adabu:
bapa linataka kutoka,
springi inalisukuma lirudi,
pini inasuluhisha.
Pembe ya mpini imetoka machinjioni Vingunguti;
ukiikata inanuka, vumilia,
hata ng'ombe alivumilia.

Watu huuliza mtaa huu ulipataje jina lake.
Habari za gereza sizijui. Najua hii tu:
kila mfungwa ninayemtengeneza
hutolewa kwa ukucha wa mwenye mfuko.

Leo umenipa cha kumi na mbili.
Nikakifungua, nikakiegemeza kwenye taya, nikakifunga,
kama ninavyofanya siku zote,
nawe ukaweka nyundo chini:
Fundi, mbona visu unavisikiliza kwa mfupa?

Miaka thelathini na minne mbele ya kipande cha reli.
Honi za bajaji, adhana, jina langu mwenyewe,
vyote hunifikia vimevaa makoti.
Ule mlio mdogo, *tak*, mlio wa kufunga
niliokugombeza kwa ajili yake tangu Machi,
sijausikia tangu mwaka ule
mke wangu alipoanza kuniandikia kwenye karatasi
vitu vya kununua sokoni.
Naupokea kwenye magego, kama mtu aliyetafuna barafu.

Hukucheka. Hukunionea huruma pia, ahsante.
Ulikipeleka kisu karibu na sikio lako,
ukafungua, ukafunga. Mara tatu.
Kisha ukachukua tupa ndogo
ukapunguza kisigino cha bapa, unywele mmoja,
kosa ambalo taya langu lilikuwa limeshalipitisha.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima,
mashine za kuchomelea zimenyamaza, hivi niliona,
mafundi wamekaa juu ya makopo ya rangi
wakichezea simu zao.
Ukafunga tena.
Nikauliza, kimelia?

Ukainamia beseni, ukatoa chungwa
lililobaki asubuhi, limesinyaa upande mmoja.
Ganda likashuka, likashuka, halikukatika,
hadi likagusa kiatu changu.
Nikanyoosha mkono nikidhani wanipa kisu.
Ulinipa nusu ya chungwa.
Kisu ulikitia mfukoni.