Inasemekana

Lincoln, Februari, mvua nyembamba kama uzi wa cherehani.
Saa nane mchana na taa zimeshawashwa.
Bi Pargeter ananipa glavu na kurunzi:
mtazame vizuri, kisha uniambie kama ni mkweli.

Shingo ndefu. Kola ya lesi, pana kama sinia.
Midomo midogo ya mtu anayeficha senti.
Chini, kwa dhahabu, MALKIA, na mwaka
ambao mchoraji hakuwa amezaliwa,
wala babu wa babu yake.

Ubao kwanza. Mwaloni una pete zake,
nazo hazijui upendeleo:
mti huu ulikatwa malkia akiwa kaburini
miaka mia tatu na ushei.
Kola nayo ni fasheni ya mchoraji, si ya mchorwa.
Na pua! Pua hii nimeikuta chumba cha pili,
na tena ghorofani, kwa malkia watano
wasio na undugu.
Pengine ni ya mke wa fundi,
aliyekalishwa kitini kwa kuwa hadai ujira.

Kilichobaki cha kuaminika ni daftari la mhazini,
pembe zimeliwa na panya:
viatu jozi tatu, ngozi ya mbuzi;
nta; tabibu, mara mbili, mwezi wa Machi;
kitambaa cheupe, dhiraa nne, cha mtoto.
Kurasa zote zinazofuata,
hakuna tena kitambaa cha mtoto.
Hapo ndipo nilipomwona, ingawa hakuwa na uso.

Naandika kwenye fomu: Si ushahidi wa sura yake.
Ni ushahidi wa waliomhitaji baadaye.
Bi Pargeter anasoma, anavua miwani.
"Umemkatia hukumu kali," anasema.

Sijamwambia habari za picha ya Bibi Mize
iliyo sebuleni kwangu, juu ya hita.
Fundi wa studio, Tanga, aliikuza kutoka kitambulisho,
akampaka wanja, akamvisha hereni za dhahabu,
Bibi ambaye matundu ya masikio
aliyazuia yasizibe kwa vijiti vya ufagio.
Wanangu, wazaliwa wa huku, wanamjua kwa hereni hizo.
Mdogo huwatambia wenzake: bibi yetu alikuwa tajiri.
Sijawahi kumsahihisha.

Saa kumi na moja nazima kurunzi.
Malkia anabaki gizani na pua yake ya kuazima.
Kabla ya jina lake nimeongeza neno moja,
kwa penseli, ili likitakiwa lifutike:
inasemekana.