Sifuri ya Machi

Julai, Montevideo, baridi ya kukata mfupa,
na hita ya ofisi imekufa tangu Jumatatu.
Nélida Etchegaray anafanya kazi na koti mwilini,
chupa ya chai chungu kwapani kama mtoto mgonjwa,
na mbele yake makosa ya taifa zima
yamejipanga safu kwa safu, hayana sura, hayanuki.

Mwanzoni tulicheka.
Kompyuta ilituambia kwamba wezi wa nchi hii
huiba saa sita kamili ya usiku,
hawakosei hata dakika.
"Wana nidhamu kutuzidi," nikasema.
Kumbe ni makarani: wasipoijua saa huiacha wazi,
na mashine, isiyopenda pengo,
hujaza sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.
Akazifuta zote.
Yakabaki ya kweli: ng'ombe hutoweka malishoni
usiku usio na mbalamwezi,
wakaonekana tena buchani.

Kisha jimbo lile lenye jina la hesabu,
Thelathini na Tatu
(programu ililidhania tarakimu, ikalijumlisha,
tukapoteza asubuhi nzima kulirudisha kuwa mahali).
Huko, kituo kimoja kidogo cha polisi,
safu ya wanawake waliopigwa majumbani mwao:
tisa, kumi na mmoja, wanane, kumi na watatu,
halafu Machi, sifuri.
Aprili, sifuri.
Hadi leo.

Mkuu wetu akasugua viganja.
"Waandikiwe barua ya pongezi."

Lisemwalo lipo, sawa.
Na lisilosemwa, likae safu gani?

Nélida akapiga simu. Akapokea kijana mwenye mafua.
"Aa, hizo alikuwa akiziandika Ofelia.
Alihamishwa mwisho wa Februari.
Sasa wakija wanatukuta sisi, wanaume watatu.
Wanasimama kidogo mlangoni,
wanauliza basi la Melo linapita saa ngapi,
wanaondoka."
Akapiga chafya.
"Basi la Melo halipiti huku."

Kwenye ramani sifuri hupakwa nyeupe,
rangi ile ile tunayoipa amani.
Aliitazama mpaka chai ikapoa,
kisha akatafuta penseli, kipande kilichotafunwa,
akachora mistari juu ya ule weupe
na pembeni, kwa mwandiko wake mbaya:

waliouliza basi, idadi haijulikani.