Upande wa Kulia

Saa kumi na mbili kasorobo Sajenti Odhul
anahesabu risasi kama mtu anayechambua maharagwe,
moja moja, kwa kidole gumba, akitafuta lililooza.
"Kumi na tano, Koplo?"
"Kumi na tano."
Natia sahihi. Kalamu yake imefungwa mezani kwa uzi;
bastola haikufungwa na chochote ila jina langu.

Natoka kituoni kwa nguo za kiraia,
shati la mtumba refu kuliko nipendavyo.
Upepo umeamka vibaya, unapeperusha magadi ya ziwani
hadi Nakuru yote ina kope nyeupe.
Bondeni hawanijui. Muuza nyanya ananiita dada,
ananiongezea moja, na mimi naipokea kwa kushoto.
Nimejifunza kuinama upande mmoja.
Nimejifunza kutokumbatia.
Kanisani, wakati wa kutakiana amani,
natoa mkono mapema, mrefu, kama fimbo ya kuzuia ng'ombe.

Alhamisi alikuja Ngatia, muuza magurudumu wa Shabab,
leseni yake inakaribia kuisha.
Bastola yake ni nzuri kuliko ya serikali,
imelala ndani ya ngozi laini kama kiatu cha bwana harusi.
Nikamsomea yaleyale: uifiche, isionekane hata ncha,
usiitishie mtu, usiende nayo penye pombe.
Anayajua. Nikamuuliza tu, kwa kuwa foleni ilikuwa fupi,
"Umewahi kuitoa?"
Akatazama muhuri mkononi mwangu.
"Mara moja. Mbwa walibweka, mtu akaruka ukuta.
Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kufyatua,
kumbe ni kijana wangu, amechelewa kurudi.
Siku hizi akiwa bado barabarani anaita, Baba, ni mimi!
Ana miaka ishirini na tatu. Anaita kama mtoto."
Akalipa ada. Nikagonga muhuri.
Fomu ile haina mstari wa kuandika hilo.

Nyumba zetu za polisi: chumba kimoja, familia mbili,
pazia la maua katikati.
Ng'ambo ya maua anaishi Konstebo Loyangan na Cheposait wake.
Tunajua madeni yao, wanajua ndoto zangu.
Tangu usiku ule wa Kaptembwa, Loyangan hakohoi
ila akihakikisha sisi sote tumelala.

Kanuni inataka sanduku la chuma lenye kufuli.
Sina sanduku. Nina debe la unga.
Zamu ikipita usiku wa manane na ghala likiwa limefungwa,
naifunga kwa mfuko wa plastiki, naizamisha humo,
nasawazisha unga juu kwa kiganja
kama ninayefukia mbegu nisiyotaka iote.

Jana asubuhi Wafubwa, miaka sita, kikombe mkononi,
alitaka kunisaidia kupika uji.
"Mama," akasema, "unga wetu una mfupa."

Sikupiga kelele. Niliweka kikombe chini.
Niliutoa mkono wake taratibu, mweupe hadi kiwikoni,
nikaupangusa kidole baada ya kidole,
nikivihesabu. Vitano. Nikavihesabu tena.
Nyuma ya pazia hata kijiko hakikugonga sufuria.
Kisha chini ya maua, likisukumwa na mguu,
likaingia kasha la risasi la zamani, la bati,
na kufuli, na funguo zote mbili.

Saa moja Odhul akaifungua bastola, akainusa.
Akapitisha kitambaa. Kikatoka cheupe.
Aliniangalia kwa muda wa kumaliza chai.
"Magadi ya ziwani," akasema, "siku hizi yanaingia popote."
Akaandika: iko sawa.

Natembea kurudi, kiuno kitupu.
Muuza nyanya ananiuliza kama mguu unaniuma,
mbona leo pia nimeelemea kulia.