Imepungua Kimoja

Dada yangu Ghaniya ana miaka sitini na mbili
na mpaka leo hajatokea wa kumwambia
kama kazi yake ni kweli.

Namuuliza huku nashona. Yeye amekaa chini ya kiyoyozi,
hapa Wadi Kabir, majabali meusi yametuzunguka
yanarudisha usiku moto yalioukopa mchana.
Anamenya chungwa, ganda refu moja lisilokatika.
Ananambia: "Sijui, Zuwena. Mahesabu yanakubali."

Mahesabu yanakubali. Ndivyo alivyosema
aliporudi Trieste na sanduku zima la karatasi,
na alipopewa medali ile nzito
mama akaiweka kabatini, pamoja na vikombe vya kahawa.
Alisema tena mwaka ule mashine ya Ulaya, ya chini ya ardhi,
ilipogonganisha chembe kwa chembe
isitoe hata kimoja katika alivyovitabiri.
Siku tatu hakula.
Ya nne akataka urojo, na bajia ziwe nyingi.

Mimi shule niliachia darasa la saba, nikakaa na mama
tukitoboa kofia: kitundu, uzi, kitundu, uzi.
Ghaniya sindano hakuiweza, akihesabu tu.
Ana miaka tisa akasema: "Mama, hii imepungua kimoja."
Mama akahesabu kwa kidole mpaka alfajiri,
akaifumua.
Wiki nzima hakusema naye.

Mara moja tu alinieleza, na sijasahau:
kwamba ndani ya chembe, ndani kabisa,
mna uzi unatetema,
na mtetemo wake ndio unaoamua
huu uwe mwanga, ule uwe chuma.
Kwamba pande za dunia si hizi tunazopita,
ziko nyingine zimejikunja, ndogo hazisemeki, zina matundu,
na kwa hesabu ya matundu
vitu vyote vimegawika koo ngapi.
Nikamwambia, kumbe kazi yetu moja.
Hakucheka. Alichukua risiti ya dobi
akayaandika maneno yangu nyuma yake.

Wanafunzi wake wa Khoudh walimwacha mmoja mmoja.
Huyu benki, yule wizarani.
Muhanna, aliyewapita wote, anapima mabomba ya mafuta Fahud;
kila Idi humletea ukurasa wa hesabu badala ya salamu,
naye hujifungia nao, wageni wamejaa ukumbini.

Mwezi uliopita wamemstaafisha. Wamempa saa ya ukutani.

Nimeshona kofia, Mungu anajua ngapi,
nyingi kichwa kilichozivaa sikukiona.
Nataka kumwambia hilo, nashindwa pa kuanzia.
Ameshalimaliza chungwa. Amelinyanyua ganda kwa ncha,
linaning'inia, linatetema kwa upepo wa kiyoyozi,
amelikazia macho kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Kisha analitia kwenye sahani,
anauliza kama yamebaki mengine.