Nyumba Isiyonuka Chochote

Mama yangu alipima usafi kwa pua.
Sakafu isipokuchoma macho haijaoshwa, alisema,
nami nikaibeba sheria hiyo kutoka Wundanyi
hadi ghorofa ya tatu, Umoja,
kama mtu abebavyo sufuria ya urithi
bila kuangalia kama imetoboka.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya Februari,
choo kikiwa na ukoga wa njano wa maji ya chumvi,
nilimwaga jiki, nikaona haitoshi,
nikaongeza juu yake ile dawa ya kung'oa kutu,
nikafunga mlango ili ifanye kazi.

Ikafanya kazi.
Mvuke ukatambaa chini ya mlango
ukamkuta Mghoi kwenye mkeka akimpaka twiga rangi,
na kifua chake, kilicholala tangu Krismasi,
kikaamka kikipiga mluzi.

Sitasimulia ngazi nilizoshuka naye mgongoni,
wala ile barakoa ya dawa
iliyomfananisha na rubani.
Nasema tu neno la nesi Kwamboka,
bila kuinua macho kwenye kadi:
"Baba, hao vijidudu uliokuwa ukiwawinda wako wapi?
Maana hapa umeniletea mtoto."

Sasa nina utaratibu.
Maji huja Alhamisi. Najaza madumu matano,
la tano ni la usafi, haliguswi na chai.
Kwanza sabuni ya mche
na maji ya moto kadiri vidole vinavyostahimili,
kwa kuwa uchafu ni kitanda cha kijidudu:
ondoa kitanda, mgeni halali.
Nasugua meza. Nasuuza. Narudia
hadi kwenye duara la kikombe,
pale marehemu alipoweka chai yake kila asubuhi,
na hapo, nakiri, sisugui sana.

Swichi. Kitasa. Rimoti, ambayo hakuna aikumbukaye.
Spiriti kidogo kwenye kitambaa,
dirisha wazi, jiko limezimwa,
naacha ikauke yenyewe.

Siki ni ya bomba na birika,
inaila chumvi taratibu kama mbuzi mzee.
Lakini sijidanganyi: siki si askari,
sitaiacha zamu peke yake na damu ya kuku.
Damu ya kuku ni kazi ya sabuni,
kisha maji yanayotokota,
kisha ubao upande juu ya paa ukalale juani.

Paa letu! Kamba za nguo za nyumba ishirini,
na ubao wangu wa kukatia umeegemea tangi
kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.
Kerubo wa chini, muuza omena,
alinicheka wiki mbili nzima:
"Fundi wa magari, siku hizi waanika mbao?"
Wiki ya tatu nikaukuta wake kando ya wangu,
magamba mawili bado yaking'aa.

Tambara nalichemsha kwenye sufuria yake,
yenye alama nyekundu, isije ikapikiwa ugali.

Na jiki bado ipo, sitakuficha.
Juu ya kabati, kifuniko kimekazwa,
kwa siku ya kutapika na kuhara ninayoomba isifike:
kidogo tu, katika maji mengi ya baridi,
madirisha wazi, Mghoi akiwa kwa jirani.
Siichukii. Nimeinyima tu marafiki.

Jana mama alifika na basi la usiku.
Akasimama mlangoni, akanusa,
akanusa tena, kama atafutaye jina lililomponyoka.
"Mwakio," akasema, "nyumba hukuiosha?"

Mghoi, sakafuni, kwenye twiga wake wa nane:
"Ameosha, Nyanya. Sikiliza."
Akavuta pumzi, ndefu, mpaka chini kabisa,
na kifua hakikusema neno.